Bushi Niliyoitoa Mapema

Baba alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe hapa Maisaka tangu kabla sijazaliwa. Alinifundisha mambo mengi nusu nusu, lakini moja alinifundisha hadi mwisho: kutengeneza bushi za mti. Bushi ni ile pete nene inayokaa ndani ya gurudumu, ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, ikipita katikati yake. Baba aliikata kwenye kiini cha mti mgumu uliokauka, akaitoboa, kisha akaichemsha kwenye oili chafu ya magari hadi mapovu yaishe. Mapovu ni maji yanayotoka ndani ya mti. Yakiisha, mti umeshiba oili, na mkulima hana haja ya kupaka grisi.

Nilimaliza darasa la saba nikaingia karakana. Mdogo wangu wa kike alifaulu, akaendelea na shule, akaishia kusomea uhandisi chuoni. Nilimwonea wivu tangu hapo, na Baba alipofariki mwaka huu wivu ulizidi. Kwenye matanga watu walimpa mkono yeye kwanza, wakakaa naye, wakamuuliza habari za kazi yake ya uhandisi. Mimi waliniuliza maji ya kunawa yako wapi.

Kabla hajafariki, Baba alikuwa ameahidi kutengeneza mikokoteni sita ya kikundi cha wakulima wa Bonga. Wiki chache baada ya kuzika, mwenyekiti wao alikuja karakana. Ni mama mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe.

"Shikamoo, mama," tukasema mimi na dada, yule mdogo wangu.

"Marahaba. Poleni tena, wanangu. Mzee ametangulia, lakini mahindi hayangojei. Mtatengeneza, au nikatafute Arusha?"

"Tutatengeneza," nikajibu. "Kama alivyotengeneza Mzee."

Akanitazama kidogo. "Mimi nataka mkokoteni usioniacha njiani na mzigo. Ukiwa kama wa Mzee au usiwe, shauri yenu."

Dada akamwomba wiki moja tuchague kitu cha kutengenezea bushi. Nilikasirika hapo hapo. Kwangu hapakuwa na cha kuchagua. Wachomeleaji wamejaa mji huu, lakini mchemsha bushi alibaki mmoja. Bushi za mti zikiachwa, ningekuwa mchomeleaji kama wengine, na yote niliyopewa na Baba yangeishia kwenye pipa la oili.

Kesho yake mchana Dada alitandika karatasi ya manila juu ya meza ya kazi. Juu aliandika vitu vitatu: mti, beringi kuukuu za magari, na plastiki ngumu, ile nyeupe inayouzwa kama gogo. Pembeni aliandika yale tunayoyataka kwenye bushi: bei nafuu, kustahimili vumbi, kubeba mzigo bila kuharibika, na urahisi wa kukarabati. Alisema kila moja lina uzito wake, na uzito unapatikana kwa kuyashindanisha mawili mawili. Baadaye kila kitu kinapewa alama, alama zinazidishwa kwa uzito, na jumla ndiyo inayosema.

"Kaka, kaa hapa nikuulize."

"Unaniuliza kama polisi."

"Jibu tu, mtuhumiwa. Bei na vumbi, lipi kubwa?"

"Bei," nikasema. Mti tunaupata karibu na bure.

"Vumbi na ukarabati?"

"Vumbi." Beringi kuukuu hufa kwa vumbi, na mti haufi.

"Ukarabati na bei?"

"Ukarabati." Bushi ya mti naweza kuchonga nyingine popote.

Sikuwa nafikiria wakulima hata kidogo. Kila swali nilitafuta jibu la kuubeba mti. Dada aliandika, akarudia kusoma, akacheka.

"Kaka, umesema bei inalishinda vumbi, vumbi linaushinda ukarabati, halafu ukarabati unaishinda bei. Unazunguka kama mbuzi kwenye kigingi."

"Hesabu yako ndiyo mbovu."

"Hesabu hata sijaanza. Haya ni majibu yako." Akaacha kucheka. "Baba hakuzunguka."

Nikamuuliza dada, Baba kaingiaje hapo. Akasema alimuuliza Baba maswali hayo hayo alipokuwa amelazwa hospitalini, siku ambazo mimi nilibaki huku karakana. Alirekodi kwenye simu kwa sababu mkono wa Baba ulikuwa hauwezi kuandika.

Sijui kueleza vizuri nilivyojisikia. Kwa miaka ishirini nimesimama kando ya mtu yule, na maneno yake kwangu yalikuwa shika hapa, geuza, ongeza kuni. Kumbe alikuwa na mazungumzo marefu ya bushi, akayatunza, akampa mtu ambaye hajawahi kuungua na oili.

"Weka nisikie," nikasema.

Akaweka. Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ni yake.

"Mzigo na bei, Baba?"

"Mzigo, mhandisi wangu. Bei mtu anaomba apunguziwe. Mzigo unamwomba nani?" Akakohoa, akaendelea. "Yule mama mwenyekiti wa Bonga, bushi yangu ilimpasukia njiani. Mvua ikamkuta, magunia ya maharage yakalowa mpaka yakaota. Nikaenda kumbadilishia mwenyewe. Kaka yako sikumwambia. Ingemuumiza."

Dada akazima. Hakuwa ameelewa. Alidhani Baba alinificha kwa sababu naupenda mti. Mimi nilielewa, maana bushi za mkokoteni ule nilizichemsha mimi. Siku hiyo kulikuwa na mpira Bagara, na nilikuwa na haraka. Niliitoa ya mwisho kwenye oili mapovu yakiwa bado yanapanda, nikaifuta, nikaichanganya na nyingine. Baba alipoishika ile iliyopasuka, lazima aliona ndani jinsi oili ilivyoishia njiani.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza. Karatasi ilikuwa bado wazi, na Baba hayupo wa kunisema.

"Ile bushi niliitoa mapema," nikamwambia. "Nilikuwa nawahi mpira."

Dada akaiweka simu chini. Kisha akauliza, kwa upole ambao ulinichoma zaidi, "Iliyochemka vizuri inakaa?"

"Inakaa miaka."

"Na ambayo haijachemka, ukiishika tu, unaijua?"

"Hapana. Kwa nje zinafanana."

Akaniachia kalamu nijaze alama mwenyewe. Kwenye ukarabati nikaupa mti alama ya juu, na kwenye bei pia. Kwenye mzigo nilikaa. Nilijua ninachokiandika. Nikaupa tatu kati ya kumi, plastiki nikaipa saba. Nikayajibu upya na maswali ya mawili mawili, safari hii nikimfikiria yule mama na maharage yake. Dada akajumlisha. Plastiki ikatangulia, mti ukafuata kwa karibu, beringi zikawa mwisho. Kwa majibu ya Baba nayo ilikuwa vivyo hivyo.

Plastiki niliipeleka kwa fundi wa kukereza mjini, nikasimama naye hadi bushi ya mwisho. Maganda yake ni meupe, marefu, hayana harufu yoyote. Mwenyekiti alipokuja kuchukua mikokoteni alizungusha gurudumu kwa mkono, likaenda muda mrefu bila kelele.

"Haya, nani kachagua hii?"

Nilitamani sana kusema ni mimi.

"Dada," nikajibu. "Na yale maharage yako, mama, ile bushi ilikuwa yangu. Nisamehe."

"Najua," akasema. "Mzee aliomba radhi, akasema fundi wake ni mzuri ila ana haraka. Nikamsamehe yeye, basi na wewe umo humo."

Sasa dada amerudi kazini kwake. Kabla ya kuondoka alinitumia ile sauti kwenye simu. Pipa la oili nimelifunika, sijalitupa. Mchana karakana ikiwa kimya huwa naisikiliza. Nimejaribu kuanzia mbele kidogo, nipate ile sehemu ya mzigo peke yake, nimeshindwa. Baba hufungua kinywa, na karibu neno lake la kwanza ni "mhandisi wangu". Nikitaka kumsikia, lazima kwanza nimsikie akimwita yeye.