Fisi Aliosingiziwa Bibi Yangu

Nilipokuwa mtoto pale Sigino, pembeni mwa mji wa Babati, fisi hakuwa mnyama wa porini tu. Fisi alikuwa na mwenyewe. Tuliambiwa kuna watu wanaowafuga kwa siri, wanawakamua, wanawapanda mgongoni wakitaka kwenda kumroga mtu mbali. Na mfugaji huyo, sijui kwa nini, siku zote alikuwa kikongwe anayeishi peke yake. Sikuwahi kusikia kijana mwenye pikipiki akisingiziwa fisi.

Bibi yangu mzaa baba aliishi peke yake. Babu alishafariki, baba alikuwa machimboni Mererani, na mimi na mama tulikaa jirani naye. Shamba lake la mahindi na mbaazi lilishuka mpaka barabara kuu. Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umeanzishwa, Babati imekuwa makao makuu, na wageni wa maofisini walikuwa wanasaka viwanja. Sisi watoto tulifurahia magari tu.

Baba mdogo Boay, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa na bucha pale senta. Akamtaka mama yake auze shamba.

"Niuze, halafu nikalale wapi?" Bibi akamjibu. "Nikifa utauza. Sasa hivi bado napumua."

Haukupita muda, fisi wakaanza kuja nyuma ya uzio wa Bibi. Asubuhi tunaona nyayo. Maneno yakasambaa, na Baba mdogo ndiye aliyeyasema kwa huzuni kuliko wote: "Ni mama yangu mzazi, lakini nyayo si mmeziona wenyewe?"

Kwetu, moto ukizimika, hata kama kiberiti unacho, ulikwenda kwa jirani na kigae kuomba makaa. Ukinyimwa moto, ujue umeshatengwa. Siku moja nilimsindikiza Bibi kuomba. Tukaambiwa moto umezimika, na huku moshi tunauona unatoka jikoni. Bibi akasema "haya, asante," tukageuka. Niliona aibu hadi machozi, na hasira niliyoisikia siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijaza makaa kwenye kigae, akampelekea Bibi akipita katikati ya njia mchana kweupe.

"Mama Neema, utatengwa na wewe!" jirani akamwonya.

"Basi tutakuwa wawili, tutapiga soga," mama akajibu, akaendelea na safari yake.

Kisha tukasikia kwamba vijana wanapanga kuichoma nyumba ya Bibi asipohama. Hilo halikuwa tishio la kuchekea. Mambo hayo yalikuwa yakitokea. Jumapili baada ya misa ukoo ukakutana uani kwake, chini ya usimamizi wa Babu Safari, mdogo wake babu. Baba mdogo akaeleza kwa upole kwamba ni heri mama yake ahamie kwenye chumba cha nyuma ya bucha, kwa usalama wake, na shamba lisimamiwe na yeye. Wazee kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Mama akanibana mkono mpaka ukauma.

Bibi akainuka, akaingia ndani, akatoka na pembe ya ng'ombe. Ilikuwa imepinda ikashuka chini kama mpini wa mwavuli. Kila mtu aliijua. Ilikuwa ya yule ng'ombe mkali wa jirani yetu Baba Paulo, aliyekuwa akitukimbiza tukienda shule, na ambaye majuzi tu aliuzwa kwa Baba mdogo akachinjwa.

"Fisi anakula mpaka kwato, lakini pembe zinamshinda," Bibi akasema. "Hii nimeiokota nyuma ya uzio wangu, ikiwa bado na kipande cha fuvu. Boay mwanangu, mimi ng'ombe huyu nilimtafuna kwa meno gani?" Akapanua mdomo wote tuone fizi.

Mtu mmoja akacheka, akajikatisha. Baba mdogo akasema labda mbwa ndio walioileta.

"Mbwa gani huyo," Babu Safari akauliza, "abebe kichwa cha ng'ombe kutoka senta mpaka hapa?"

 Babu Safari akamgeukia Bibi. "Shemeji, hapa ni kwako. Atakayekugusa, ametugusa sisi."

Nyumba haikuchomwa. Mabaki ya bucha yalikoma kutupwa nyuma ya uzio wa Bibi, na fisi wakaacha kuja. Ningependa kusema watu walimwomba radhi. Wapi! Kisimani nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Umeona? Kumbe akiwakataza wanasikia." Nilipomsimulia Bibi, alicheka sana. Lakini tangu hapo alikuwa akifunga mlango kwa komeo jua likiwa bado juu, na mwanawe akija kumsalimia, alimpokelea nje. Alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwenye ardhi yake.

Sasa nami ni mtu mzima, na bado nasikia misibani na harusini: mama wa fulani siku hizi haeleweki, macho yamekuwa mekundu, watoto wanamwogopa. Zamani nilikuwa nabishana nao habari za uchawi. Nimeacha. Siku hizi nauliza tu shamba lake liko upande gani, na ni mtoto yupi ameanza kuulizia bei. Jibu huwa linakuja haraka kuliko ninavyotaka. Hapo ndipo ninapoaga na kwenda kumpigia hodi huyo mama kabla wengine hawajafika.