Ukitaka Kujisifu, Leta Takataka

Asubuhi niliyotoka Sondu sikuwa nakwenda popote. Nilikuwa nimekaa pale msimu mzima nikishusha viazi vitamu kutoka kwenye malori, na siku hiyo nilipoamka nikagundua kwamba mji nimeshaujua. Nilijua mbwa gani ni wa nani. Nilijua mama gani anazidisha chumvi kwenye maharagwe na fundi gani anaahidi Jumanne akimaanisha Ijumaa. Mahali nikishapajua hivyo, miguu huanza kuniwasha. Hata shule niliiacha mapema kwa ugonjwa huohuo. Nikakunja blanketi, nikatia mkobani shati la pili, nikasimama kando ya barabara kuona kitakachopita.

Kilichopita kilikuwa pikapu iliyojaa viti vya plastiki. Wala haikupita, ilisimama mbele yangu, maana kamba ilikuwa imelegea na viti vya juu vimeanza kuinama kama watu wanaosinzia kanisani. Dereva akashuka akinung'unika. Nikamsaidia kufunga. Kazi nyingi sikujifunza mpaka mwisho, lakini kufunga mzigo najua. Aliivuta kamba, akaivuta tena, akanitazama mimi na mkoba wangu.

"Unaenda wapi, omera, ndugu yangu?"

"Sijui bado."

"Basi wewe hutachelewa. Panda juu, ukalie hiyo viti isinihame."

Nikaenda Kisumu hivyo, nimekaa juu ya viti kama chifu aliyezidishiwa viti vya enzi. Tulipita Katito, upepo ukinipiga usoni, na tulipofika Ahero, mashamba ya mpunga yaking'aa pande zote, dereva akasimama tunywe chai. Hapo ndipo aliponieleza safari yake. Viti vilikuwa vimetoka kwenye matanga Sondu na vilikuwa vinakwenda kwenye sherehe mjini. Akina mama wa mtaa wa Migosi walikuwa wameomba bustani ya mji kwa muda mrefu, wafanye tamasha la mtaa: muziki, chakula, michezo ya watoto, kila mtu aje. Mwenyekiti wao alikuwa mjane muuza samaki ambaye jirani yake wa ukuta mmoja alifariki, naye akalijua jina lake kamili siku ya mazishi. Jambo hilo lilimchoma. Alisema watu wa ploti, hizi nyumba za kupanga, hawana uwanja, wanakutana ngazini wakiwa na haraka, na mtu hawezi kuwa jirani wa mtu ngazini.

Taabu ilikuwa msimamizi wa bustani. Kikundi kingine kilimwachia uchafu wa siku tatu, na tangu hapo moyo wake ukawa mgumu. Alikuwa amempa mama huyo siku moja tu ya majaribio. Saa kumi na mbili jioni, akipita kufunga lango, bustani iwe kama alivyoikabidhi. Ikiwa hivyo, watapewa kila mwezi. Akikuta takataka, wasirudi tena.

"Na huyo mzee hatanii," dereva alisema, akimimina chai kwenye sosa ipoe. "Mimi naombea hao akina mama. Wakipewa kila mwezi, hata viti vyangu vitakula."

Tulifika bustanini jua likiwa bado la upole. Miti ilikuwa mikubwa, na juu ya ile mirefu zaidi walikaa korongo, wale wenye vipara na shingo tupu, wakitazama chini kama wazee wa kanisa wanaongoja kuhesabu sadaka. Nilishusha viti, nikasaidia kusimamisha hema, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, nikabaki.

Mama Mwenyekiti nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikuwa mwembamba, leso kiunoni, na alitembea akiinama kuokota kila alichokiona, hata majani makavu ambayo ni ya mti mwenyewe. Alikuwa ametundika magunia kwenye miti pembeni yote na kuwaomba watu, mmoja mmoja, watie uchafu humo. Walimjibu, ndiyo mama. Kufikia saa sita bustani ilikuwa imefurika. Samaki wa kukaanga walikuwepo, omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwepo, mahindi ya kuchoma, miwa, njugu, na pilau ya baba mmoja wa familia za Waislamu wa zamani wa mji, ambaye sufuria yake ilihitaji watu wawili kuisogeza. Kila chakula kilikuwa na ganda lake, mfupa wake au karatasi yake. Magunia yakaning'inia matupu, nyasi zikapokea kila kitu.

Lakini si hilo lililonishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba sherehe ilikuwa imelala.

Alikuwepo mzee wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja inayolia kama mtu anayekudai penzi, na vijana wawili wa ngoma nyuma yake. Walikuwa hodari. Hata hivyo watu walikaa vitini wamekunja mikono, kama wanasubiri hotuba ya mkubwa. Nikamuuliza baba wa pilau kuna nini. Akaniambia, huku akipakua, kwamba Mama Mwenyekiti amekataza pakruok.

Mimi nimezunguka, lakini pakruok sikuwa naijua vizuri, kwa hiyo akanieleza. Orutu ikichanganya, mtu yeyote anaweza kuinua mkono na kuusimamisha muziki. Anampa mwanamuziki chochote, kisha anajisifu mbele ya watu: yeye ni nani, mama yake ni nani, rafiki zake ni wakali kiasi gani. Akimaliza, muziki unarudi kwa heshima yake, naye anacheza. Halafu mwingine anaona amepitwa, anausimamisha tena. Ndiyo maana Mama Mwenyekiti aliikataza. Alihofia kwamba wanaume wawili wakianza kushindana, jua litazama hata watoto hawajaimba, na nani atakumbuka kusafisha.

"Amekosea," alisema baba wa pilau. "Mimi si Mjaluo, lakini nimezaliwa hapa. Orutu bila pakruok ni chai bila sukari, tena ya mgonjwa."

Ilipofika saa tisa watu walianza kutazama lango. Familia moja ikaondoka na kuacha chini ya viti vyao kilima kidogo cha makapi ya miwa. Korongo wawili wakashuka, wakatembea katikati ya wageni bila kuomba njia. Nilimwona Mama Mwenyekiti amesimama na gunia mkononi, akitazama nyasi, akitazama saa ya simu, na uso wake ulikuwa umeshajua matokeo. Angesafisha mwenyewe mpaka lini? Wenzake walikuwa wanaosha sufuria.

Wakati huohuo bwana mmoja mnene, aliyekuwa amevumilia tangu mchana, akashindwa. Aliinuka katikati ya wimbo, mkono juu.

"Simamisha hiyo kitu! Mnitoze faini, lakini mimi lazima niseme."

Muziki ukakatika. Watu wote wakamgeukia Mama Mwenyekiti. Alilitazama gunia mkononi mwake. Kisha akamwendea yule bwana, akafungua mdomo wa gunia mbele ya tumbo lake.

"Sema," alimwambia. "Lakini leo pesa haitakiwi. Ukitaka kujisifu, leta takataka. Jaza mikono miwili, ndiyo useme."

Bwana akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hana pa kukimbilia. Akainama, kwa shida, akazoa magunzi ya mahindi na chupa mbili za maji, akavitia guniani. Kisha akajinyoosha.

"Mimi ndiye sufuria kubwa," akatangaza. "Nikikaa jikoni, majirani watatu wanazima moto, wanakuja na sahani."

Orutu ikaruka, ngoma zikaipokea, bwana akatikisa mabega, na bustani nzima ikasimama kwa pamoja kama iliyomwagiwa maji. Hata kabla hajamaliza kucheza, bibi mmoja alikuwa ameshamsukuma kando, kanga yake imejaa karatasi za njugu.

"Mimi ndiye mvua ya asubuhi," alisema bibi, bila haraka. "Fundi hanipendi, lakini shamba linaniita mama."

Baada ya hapo sikuweza tena kufuata mpangilio. Watu walitambaa chini ya viti. Wanaume waliovaa suti walipiga magoti. Kijana mmoja alikuja na karatasi moja ya biskuti, naye Mama Mwenyekiti akamrudisha.

"Hiyo karatasi moja ndiyo unataka kusifia ukoo mzima? Hiyo inatosha kidole gumba. Ongeza."

Mwingine alikamatwa akimalizia mahindi kwa pupa ili apate gunzi, akazomewa. Wawili walivutana chupa moja mpaka mwanamuziki akaamua kwamba mmoja achukue chupa na mwenzake kifuniko, kila mtu ajisifu kwa kadiri yake. Nilimwona mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akimfukuza korongo mwenye kichwa cha samaki mdomoni, akimwita mwizi wa sifa za watu. Korongo alikimbia, kichwa kikadondoka, mama akakiinua juu kama kombe. Baba wa pilau aliacha sufuria yake na kuja na rundo la sahani za karatasi. Akasema kwamba yeye ni moshi wa pilau: haombi mlango, na akishaingia hakuna anayemdai kitambulisho. Watu walicheka mpaka mzee wa orutu akakosa uzi wake mmoja.

Mimi pia walinisukuma mbele, kwa kuwa nilionekana nimezoa mengi. Ukoo wangu hakuna aliyeujua pale, na marafiki wa kuwataja sikuwa nao. Nikasema mimi ndiye jani la mto Sondu, sina mizizi, lakini nimeshaona madaraja yote. Sauti ikatoka nyuma: "Jani, vua kwanza hivyo viatu, vinaomba msamaha!" Nikacheza navyo hivyohivyo, kidole kikichungulia.

Watoto waliimba kati ya sifa na sifa. Hakuna aliyelala tena, hakuna aliyetazama lango. Kadiri jua lilivyoshuka, ndivyo malipo yalivyozidi kuwa adimu, na adimu ikawafanya wawe wakali. Waliingia kwenye vichaka vya maua wakatoa uchafu uliokuwa pale kabla ya akina mama kuzaliwa, nusu wakitania na nusu kweli: kandambili moja, mpira uliopasuka, kipande cha tairi. Aliyeleta tairi alipewa wimbo mzima.

Msimamizi wa bustani alifika saa kumi na mbili kasoro, funguo zikilia kiunoni. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia safi. Muziki ukashuka wenyewe. Alianza kupita, mikono nyuma, macho chini, na Mama Mwenyekiti akamfuata hatua mbili nyuma yake, vidole vyake vikikunja na kukunjua ncha ya leso. Alipita chini ya miti. Alipita tulipokaangia samaki. Aliinua kiti kimoja, akakitazama chini, akakirudisha. Tulimtazama sisi sote, hata wale wa ngoma, na nilishangaa kuona moyo unanidunda kwa ajili ya mji niliokuwa nimeufikia asubuhi hiyo.

Mwishowe alirudi mbele ya hema. Hakumtazama Mama Mwenyekiti. Alimgeukia mzee wa orutu, akainua mkono.

"Na mimi nataka kusema."

Hakuna aliyecheka. Mama Mwenyekiti akachukua gunia, akalifungua mbele yake.

"Mzee, sheria ni moja kwa wote," alisema. "Leta takataka."

Mzee akageuka kutafuta. Akatazama nyasi mbele yake, akatazama chini ya meza. Akatembea mpaka kwenye maua, akarudi. Akazunguka mti. Bustani yote, yeye mwenye bustani, na hakupata hata ganda la njugu. Watu wakaanza kuelewa kinachotokea, kicheko kikipita kutoka kiti hadi kiti, mpaka na yeye mwenyewe akaelewa. Akasimama. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi ya peremende yake mwenyewe, akaidondosha guniani taratibu.

"Mimi ndiye lango," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. "Nimefungia wengi. Lakini Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, nyinyi watu wa Migosi, msiponikuta wazi mniite ukuta."

Sijui nani alianza kupiga kigelegele. Orutu ililia, na mzee yule akavua kofia yake safi, akaishika kifuani, akacheza kwa nyayo tu, polepole, kama mtu anayekumbuka. Mama Mwenyekiti alijifunika uso kwa leso. Alipoifunua alikuwa anacheka na kulia, na wenzake wakamnyanyua hivyohivyo na gunia lake mkononi.

Tulipakia viti mwanga ukiwa bado upo. Dereva alikuwa akipiga hesabu zake, na nilipomaliza kufunga kamba akaivuta, akaivuta tena. Akasema sasa kazi itakuwa ya kila mwezi, na yeye mgongo wake ni wa jana, anahitaji mtu wa kufunga mzigo. Akaniuliza kama nimeshajua ninakokwenda. Nikamwambia bado.

Akanipeleka Migosi. Stoo yake ilikuwa chumba cha chini kwenye ploti ya ghorofa, mlango wa bati, dirisha moja linalotazama bomba la maji. Tukaingiza viti, tukavipanga mpaka karibu na dari, na katikati ikabaki nafasi ya mtu mmoja aliyenyooka. Dereva akaniachia turubai la hema nitandike, akanionyesha ufunguo unavyokwama na namna ya kuubembeleza. Kodi yangu, alisema, ni kuosha hivyo viti kesho, vinanuka samaki. Nilitandika turubai, nikaweka mkoba upande wa kichwa, kisha nikatoka kwenda bombani kunawa, ambako mama mmoja mwenye ndoo aliniuliza mimi ni nani, nami nikamwambia ninakaa hapa.