Nilivyousimamia Mfumo wa Mawasiliano wa Kiwanda cha Sangara

Shemeji yangu Masanja alisema sitamaliza mwezi. Aliyasema hayo mbele ya watu, kwenye kipaimara cha mwanawe pale Buzuruga. "Shemeji, umebeba maboksi Uarabuni miaka kumi na miwili. Kompyuta utaiweza wapi? Au nayo utaibeba kichwani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu cheti changu cha stashahada kilikuwa kwenye bahasha ndani ya koti. Niliisomea stashahada hiyo jioni, kwa hela yangu, nikiwa na miaka arobaini na tisa, darasa moja na vijana walioniita mzee tangu siku ya kwanza. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kilichoko kando ya ziwa, Ilemela, na kalamu tatu mfukoni. Ofisa Utumishi aliiangalia stashahada yangu, akaniangalia na mimi, kisha akasema, "Mzee wangu, kompyuta zipo, lakini anza na stoo kwanza." Nikaanza na stoo. Nilihesabu glovu, mabuti na makasha kwa mwaka mmoja na nusu, na hakuna hata kasha moja lililopotea mikononi mwangu.

Kisha Meneja Mkuu akanunua mfumo wa mawasiliano ya kazi. Kwa msiowahi kuutumia, ni programu moja inayokaa kwenye simu na kwenye kompyuta, na ndani yake kuna vyumba vinavyoitwa chaneli. Idara ya uzalishaji ina chaneli yake, magari yana yake, na kila mwalo, yaani ufukwe wa wavuvi tunakonunulia samaki, una yake. Ujumbe, picha na ripoti vyote vinapita humo. Meneja Mkuu aliuliza mkutanoni nani ameusoma mwongozo. Waliosoma vyuo vikubwa wakatazama meza. Mimi nilikuwa nimeusoma wote kwenye simu yangu, wakati wa chakula cha mchana, mara mbili. Wiki iliyofuata nilikuwa msimamizi wa mfumo, yaani mtu anayefungua chaneli, anayetoa ruhusa za kuingia, na anayeamua masasisho yatumikeje.

Masasisho ndiyo yaliyonikosesha usingizi kwa raha. Kila baada ya wiki chache walioutengeneza mfumo walituletea kitu kipya: leo kitufe, kesho orodha, keshokutwa alama usiyojua ni ya nini. Mimi siwezi kuona kitufe nikakiacha. Nilibonyeza kila kimoja nione kinafanya nini, na mara nyingi niligundua jambo ambalo hata wauzaji wenyewe hawakulitaja.

Tabia hiyo nusura inirudishe stoo.

Lilikuja sasisho lenye kitu kilichoitwa muhtasari wa jioni. Mfumo ulikuwa unachagua wenyewe ujumbe mfupi usio na uzito, unaukusanya, na kumpa mkubwa wote kwa pamoja saa kumi na moja jioni, ili asisumbuliwe mchana. Nikasema hiki ni kitu cha maana. Nikakiwasha kwa kiwanda kizima bila kukijaribu na mtu yeyote.

Siku ya tatu, mashine ya barafu kwenye mwalo mmoja ikafa alfajiri. Msimamizi wa pale alikuwa Mama Kabula, mwanamke wa umri wangu, anayejua samaki kuliko sisi sote. Akachukua simu, akaandika kwenye chaneli ya uzalishaji: "Habari za asubuhi Meneja. Poleni na majukumu." Kisha akasubiri. Meneja Uzalishaji ni kijana wa miaka thelathini na nne. Kwa Mama Kabula, kijana huyo anapaswa kwanza kumwamkia, ndipo shida isemwe. Saa tatu akaandika tena: "Hodi Meneja." Akasubiri. Saa sita: "Hodi jamani, mko salama?"

Mfumo ulizisoma salamu zote tatu, ukaziona hazina uzito, ukaziweka pembeni hadi jioni. Sangara wa boti mbili wakaharibika juani.

Meneja Uzalishaji alinifokea ofisini mlango ukiwa wazi. "Mtu ana moto nyumbani, anabisha hodi kwa jirani na kungoja akaribishwe?" Nikamwambia kosa ni langu, nimewasha kitu kabla ya kukipima. Lakini yeye alikuwa ameshaamua. Alituma agizo kwenye chaneli zote: kuanzia leo hakuna salamu, andika shida moja kwa moja. Meneja Mkuu naye akaniita. "Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Taarifa nyingine ikipotea, mfumo nautoa, na wewe stoo unaijua njia."

Nilizima muhtasari siku hiyohiyo. Jambo la ajabu ni kwamba baada ya agizo lile chaneli za mialo zilinyamaza kabisa. Haikuja salamu wala shida. Watu wakarudi kutuma habari kwa madereva wa magari ya samaki, na nyingine zilifika zimegeuka. Sikuelewa. Mfumo ulikuwa mzima, kila kitu nilikikagua. Basi nikaenda mwenyewe mwaloni kumuuliza Mama Kabula.

Alikuwa amekalia ndoo, anapima samaki kwa macho tu. "Umefuata nini, fundi wa simu? Huku hakuna kitufe."

"Mama Kabula, mbona huandiki?"

"Niandike nini? Nimekatazwa kusalimia. Nimrushie mtu tatizo usoni kama namrushia jiwe? Hata mbwa nikimfukuza, namwita jina lake kwanza."

"Lakini shida ikiwa kubwa?"

"Ikiwa kubwa ndiyo inataka adabu zaidi. Nitamwomba barafu mtu ambaye hata hali yake sijamuuliza?" Akanitazama. "Na wewe, hujaniuliza watoto wangu wako shule au la. Umefika tu na simu yako."

Nilimuuliza. Tuliongea karibu nusu saa kabla ya kurudi kwenye mfumo, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya kazi.

Ndani ya mfumo kulikuwa na kitu kinachoitwa fomu, visanduku vya kujaza ambavyo sote tulikuwa tumevidharau. Jioni ile nilikaa kantini na simu mbili, nikajitumia salamu mimi mwenyewe mara thelathini hivi, hadi mama wa chai akaniuliza kama naumwa. Nilichotaka kujua ni kimoja: je, naweza kuchagua ni kisanduku kipi kitokee kwenye arifa, yaani ule mstari unaoonekana simu inapolia? Kwenye mpangilio wa saba niliobadilisha, ikawezekana.

Nikatengeneza fomu ya visanduku viwili. Cha kwanza: Salamu, andika utakavyo. Cha pili: Kuna nini? Fomu haitoki mpaka vyote viwili vijazwe, na kinacholia kwenye simu ya mkubwa ni cha pili. Kisha nikaongeza la upande wa pili: mkubwa hawezi kubonyeza "nimepokea" kabla ya kurudisha salamu.

Meneja Uzalishaji aliiona, uso ukabadilika. "Mzee, unataka mashine inifundishe kuamkia watu?"

"Hapana, mkuu. Inakungojea tu."

Wiki ya mwisho ya mwezi, tukiwa mkutanoni, simu yake ikalia: BARAFU IMEBAKI YA SAA MBILI. Akafungua. Juu yake Mama Kabula alikuwa ameandika mistari sita ya salamu, pamoja na pole ya mafua ambayo sijui aliyasikia wapi. Meneja aliangalia simu, akamwangalia Meneja Mkuu, akaandika: "Shikamoo mama. Mafua yamepungua. Gari linatoka sasa hivi." Jibu likaja palepale: "Marahaba baba. Ubarikiwe." Meneja Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Barafu ilifika kabla ya boti.

Stoo sikuirudia. Nilibaki msimamizi wa mfumo hadi nilipostaafu, chini ya mameneja wakuu watatu, na fomu ile ilinakiliwa hadi kwenye kituo chetu cha Misungwi, ambako hawanunui samaki kabisa, ni makasha tu. Masanja sasa ananiletea simu yake nimtengenezee, na mimi namtengenezea taratibu, ili watu wapate muda wa kuona.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi kazi Neema, mhandisi mwenye shahada. Kukabidhi maana yake ni kujifuta mwenyewe kwenye orodha ya wasimamizi. Mfumo unakuuliza kama una hakika, na hakuna mwingine wa kubonyeza. Nilibonyeza. Nusu ya vitufe nilivyovijua vikatoweka machoni pangu.

Mwezi uliopita Neema alinipigia. Limekuja sasisho jipya: unaongea, mfumo unaandika Kiswahili wenyewe.

"Umeujaribu kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwangu mwenyewe, mzee. Mfumo umeandika vizuri sana."

"Basi hujaujaribu. Nenda mwaloni, wape simu watu wanaoongea Kiswahili cha Kikerewe na cha Kijita, upepo ukivuma, uone unaandika nini."

Ameenda. Mfumo umeandika nini, bado hajaniambia, na mimi sina tena ruhusa ya kuchungulia. Leo nimempigia simu mara tatu.