Likizo Ghalani kwa Hawe

Desemba iliyopita mama aliamua kwamba hatuendi tena kwa Hawe, tunakwenda likizo. Mahali ni pale pale Tezo, shamba ni lile lile, ila mjomba amelifanya ghala kuwa nyumba ya wageni. Majirani zetu hapa Malindi wakimuuliza, mama anajibu, "Tumepata nyumba ya shamba huko Kilifi, si mbali na bahari." Mimi niko nyuma yake nimebeba mfuko wa nguo, kimya. Mimi si msemaji. Shuleni na hata nyumbani wananiita Bubu, nimeshazoea.

Hawe ni nyanya yangu mzaa mama. Kwa Kigiriama nyanya ndiyo hawe, na hatujawahi kumwita vingine.

Ghala lenyewe nalijua tangu natambaa. Babu alilijenga kwa mawe na udongo, kuta nene, la kuwekea korosho. Korosho zilipokosa wanunuzi Hawe akalifanya jiko lake. Chini palikuwa na mafiga, juu uchaga, yaani dari la fito ambapo mahindi hupangwa na maganda yake ili moshi uyapitie kutwa. Fukusi na moshi hawapatani. Mahindi ya mbegu yalikaa juu kabisa, meusi kwa masizi, na hata mwaka wa njaa hakuna aliyeyagusa. Ni mzihana, mahindi meupe ya kwetu, aliyokuja nayo Hawe alipoolewa. Jirani wa mwisho aliyekuwa akiyapanda naye alishahamia mbegu za pakiti. Kwa hiyo yakimpotea Hawe, yamepotea.

Tulipofika, mjomba alitupokea kwenye mlango mpya wa kioo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mgeni wangu. Viatu vua hapo hapo, sakafu ni mpya."

Ndani kote rangi nyeupe. Fito za uchaga zilikuwa zimesuguliwa msasa mpaka zikang'aa, na juu yake godoro na chandarua. Hapo ndipo nilipopangiwa kulala. Kitanda kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Lakini nililala pale pale palipokuwa pa mbegu, nikanusa rangi mpaka kichwa kikaniuma.

"Mahindi ya Hawe yako wapi?" nilimuuliza mama asubuhi.

"Yako nyuma. Wewe umekuja kupumzika au umekuja kukagua?"

Nyuma ni chumba cha mabati alichojengewa Hawe, kimoja tu, kina kitanda na jiko la gesi. Alinikumbatia. Alinukia sabuni. Tangu nizaliwe Hawe alikuwa ananukia moshi, nikajikuta sijui nimshike vipi.

"Unanionaje?" akaniuliza. "Nimekuwa mzungu! Napika bila kutoa machozi."

Akacheka, mimi pia nikacheka. Kisha akafungua moja ya magunia mawili ya nailoni yaliyokuwa miguuni mwa kitanda, akatia mkono, akautoa umejaa unga. Si unga wa kusaga. Ni ule wanaouacha fukusi wakishakula. Mle chumbani mlikuwa na joto la kukaangia samaki.

"Haya ni ya kula," nikasema. "Ya mbegu je?"

"Ndiyo hayo hayo, mjukuu wangu. Mjomba wako aliyashusha yote pamoja."

Siku ile ile Hawe alimwendea mjomba. Tulikuwa tunakunywa chai barazani, na baba, ambaye ni mtu wa bara na kwa wakwe hupenda kutazama simu yake, alikuwepo pia. Hawe hakupanda baraza. Alisimama chini kama mtu aliyekuja kuuza mayai.

"Mwanangu, hebu niwashie moto humo ndani siku chache tu, kabla hao wageni wako wa Nairobi hawajafika. Nizipitishe moshi mbegu zangu."

"Moto? Mama, rangi ile nyeupe! Wataingia watu wanukie samaki mkavu?"

"Nitawasha mdogo."

"Moshi hauna mdogo, mama."

Mama akaingilia, eti kutuliza. "Lakini mama, mbegu siku hizi si ziko madukani? Unajisumbua bure."

"Ya dukani inataka mbolea, inataka dawa, inataka mvua ije kwa miadi," Hawe akasema. "Hiyo ni mbegu au ni bibi harusi?"

Wote wakacheka, baba mpaka akapaliwa na chai. Wakaendelea kucheka, na ombi lake likafia hapo hapo.

Basi tukaanza kuchagua, mimi na yeye, mlangoni pa mabati. Tulipukuchua kila gunzi na kuitazama kila punje. Yenye tundu tunawatupia kuku, nzima tunaweka kwenye ungo. Siku ya pili mjomba aliwapeleka wenzangu baharini, mimi nilikataa kwenda. Mama alikasirika. "Watoto wa watu wanalilia bahari, wewe unalilia mahindi." Walirudi na mchanga miguuni, sisi bado tunachagua. Magunia mawili yalitupa ungo mmoja usiojaa. Hawe akauanika barazani kwa ghala, ndiko kwenye jua zuri, akasema yanatosha kuanzia, mradi sasa yachanganywe na majivu na kutiwa kwenye kibuyu.

Majivu! Kwenye gesi utayatoa wapi? Tukachukua karai, tukaenda kuomba kwa jirani, bibi mmoja wa rika lake.

"Mama wa gesi!" akapiga kelele alipotuona. "Umekuja kuomba majivu? Tumefika huko?"

"Tumefika na tumepita," Hawe akamjibu.

Wakakaa wakazungumza kama wazee wanavyozungumza, habari za maradhi, habari za watoto, mpaka nikaona jua limepanda. Tulirudi na karai limejaa. Tangu mbali nilisikia harufu ya nazi.

Mjomba alikuwa amepanga meza ndani ya ghala, vitambaa, maua, vyungu. Alitaka picha za chakula cha kienyeji za kuweka mtandaoni. Mama alitutokea mlangoni na mwiko, uso unang'aa.

"Mama, asante kwa kutuchagulia mahindi. Nimeyapika yote na kunde, nazi nzito, kama ulivyokuwa ukitupikia tukija."

Na kweli, zamani tukija alikuwa akituchagulia mahindi kwenye ungo ule ule na kuyaacha barazani. Mama hakuwa na baya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sijui nimlaumu vipi. Amezaliwa shamba lile, amekula mzihana mpaka akaota meno, na asiijue mbegu akiiona.

Hawe aliweka karai chini. Akaenda kwenye chungu, akafunua, akatazama.

"Zile zilikuwa mbegu," nikasema. Nilisema kwa sauti. Nilijishtua mwenyewe.

Kijiko cha baba kikasimama njiani. Mama akaushika mwiko kwa mikono miwili. Mjomba ndiye aliyecheka. "Leo Bubu kanena!"

"Si mngeniambia?" mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kuleni," Hawe akasema. "Kilichochemka hakioti."

Akarudi mlangoni akavua ndala, akakaa pale alipoonyeshwa. Mjomba akainua simu. "Mama, tabasamu kidogo basi." Akatabasamu. Picha ile iko mtandaoni mpaka leo. Watu wameandika chini yake kwamba bibi anapendeza, na kwamba wanatamani maisha kama yale.

Mimi sikula. Hawe alimaliza sahani yake.

Masika yalipoanza mama alimpigia simu, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Umeshapanda, mama?"

"Nipande nini?"

"Si kaka amekununulia pakiti?"

"Pakiti ni za aliyezinunua."

Mama akakata simu, akatuambia Hawe anazidi ukaidi kwa uzee. Baadaye mjomba alituma picha ya shamba la mbele ya ghala. Hakuna mstari wa mahindi hata mmoja. Pameota magugu yenye maua ya manjano, nayo yamefika kiunoni. Ameandika kwamba hatayafyeka, wageni wanayapenda sana.