Kikasha cha Kumi na Moja

Nilikuwa na miaka tisa tulipofika Kabazana, mama na mimi, tukitokea Kivu Kusini, Kongo. Hapo ndipo wanaoingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, huandikishwa na kulala kabla ya kugawiwa kiwanja. Safari yenyewe siikumbuki sana. Nakumbuka kwamba kila nilipoona buti za askari nilijificha nyuma ya kitenge cha mama, hata askari mwenyewe alipokuwa Mganda aliyetuletea maji ya kunywa. Nilikua na hofu hiyo. Nilimaliza nayo sekondari, nikaenda nayo Mbarara nilipopata ufadhili wa kusoma fizikia. Kisha nikaajiriwa msaidizi katika maabara ndogo ya utafiti mjini, na siku ya kwanza nikaambiwa kwamba fundi wetu wa mashine ni mwanajeshi mstaafu.

Jeshini alikuwa akikereza vipuri vya magari, na baada ya kustaafu aliendelea kuishi jirani na kambi ya jeshi, kwa kuwa mwanawe alikuwa bado kazini. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliniita madamu. Mimi nilimwita afande, na zaidi ya salamu sikumpa neno.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chombo cha kusoma maji yaliyomo ndani ya vitu bila kuvipasua: mbegu, udongo, saruji. Hospitali kubwa zina mashine za aina hiyo zinazojaza chumba kizima na kula umeme mchana kutwa. Sisi tulitaka kiwe cha kuwekwa mezani, kitumie sumaku za kudumu, zile ambazo hazihitaji umeme ili zivute. Nilikuwa nimeuchora muundo wake kwa miezi mingi. Vikasha kumi na sita vya alumini vinapangwa kwa mduara, kila kimoja kimejaa vipande vya sumaku, na kila kimoja kimegeuzwa kidogo zaidi ya jirani yake. Ukivipanga sawasawa, nguvu yote hukusanyika ndani ya tundu la katikati, na nje karibu hakuna kinachobaki. Afande alivikereza vikasha vyote. Mimi nilivijaza sumaku na kuweka alama nyekundu kuonyesha upande wa kaskazini wa sumaku.

Asubuhi ya kuunganisha alikuja na dira ndogo mfukoni.

“Madamu, tuangalie kwanza kila moja na dira,” alisema. “Hii vitu iko na nguvu sana.”

“Nimeshaangalia, afande.”

“Hata mara moja tu.”

“Nimesema nimeshaangalia.”

Nilikuwa sijaangalia vyote. Nilitaka tu mazungumzo yaishe. Alirudisha dira mfukoni, akachukua kikasha cha kwanza.

Vikasha kumi vya kwanza viliingia vizuri kwenye mduara. Kila kimoja kilitaka kurudi nje, naye alikisukuma polepole kwa mikono miwili hadi nilipokaza skrubu. Cha kumi na moja hakikurudi nje. Kilivutwa ndani kwa ghafla, kikamtoka, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikabanwa kati yake na jirani yake. Hakupiga kelele. Alisema, “Leta mbao,” kwa sababu chuma kisingeweza kusogezwa karibu na kitu kile. Nilichokonoa kwa kabari ya mti hadi vikaachana.

Tulimpeleka Ruharo, hospitali ya misheni. Walimhudumia kwa upole na kwa haraka, lakini ncha ya kidole cha shahada haikuokoka. Mwalimu wangu, aliyeongoza maabara, alipofika na kuuliza ilikuwaje, afande alijibu kabla yangu: “Mkono iliteleza.”

Nilinyamaza wiki tatu. Kazi ilisimama, mduara umefunikwa turubai, na mimi kila siku naketi mbele yake nikijifanya naandika. Nilikwisha kuinua turubai na kuona alama yangu nyekundu kwenye kikasha cha kumi na moja. Ilikuwa upande usiofaa.

Jumamosi moja nilienda Nakivale kwa mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilikaa nikamsaidia, na kabla gunia halijajaa alikuwa ameshanisoma usoni.

“Uko na nini weye?”

Nilimweleza yote. Nilimwambia pia kwamba mtu mwenyewe ni askari, nikidhani atanielewa. Mama aliweka gunzi chini.

“Basoda ba kule ni bengine,” alisema. Basoda ndio askari, kwetu. “Ule ni mutu mwenye alikatwa kidole juu yako. Na unakuya kukaa hapa kupukuchua mahindi? Kesho uende kwake.”

Nilienda. Mkewe alinifungulia, akanipa kiti, akaenda kuchemsha chai. Afande aliketi akiwa na bandeji mkononi. Nilisema bila kuzunguka: alama niliiweka mimi, vibaya, na nilidanganya kwamba nimeangalia.

“Najua,” alisema. “Siku nilitoka hospitali, nilipitia maabara na dira yangu. Namba kumi na moja iligeuka.”

“Kwa nini hukusema?”

“Hiyo maneno ilikuwa ya wewe kusema. Mimi nilikuwa nangoja. Kama mimi nasema, wanakufukuza. Kama wewe unasema mwenyewe, labda wanakuacha. Lakini madamu, kwa nini hutaki kuongea na mimi? Nimekukosea?”

Nikamwambia habari ya buti. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote ila mama. Alisikiliza hadi mwisho akitazama sakafu, na chai ilipoletwa hakuigusa.

“Mimi pia nimevaa buti miaka mingi,” alisema. “Siwezi kukudanganya eti hakuna mtoto alinikimbia.”

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wangu na kurudia maneno yaleyale. Hakunifukuza. Aliandika ripoti yenye jina langu, akaniondoa kwenye kuunganisha sumaku, akanipa kazi ya kusuka koili za waya wa shaba. Nilisuka miezi minne. Wenzangu walinisalimia kama kawaida, ila walipofungua vikasha waliniomba nisimame mlangoni. Nilistahili.

Afande aliporudi alikuwa anashika patasi kwa namna mpya, akitumia kidole cha kati. Alikuja mezani kwangu akataka nimweleze kitu ambacho alikuwa amekichonga mwaka mzima bila kuambiwa ni cha nini. Nilimweleza kwamba maji yakiwa ndani ya sumaku na ukiyapiga kwa wimbi la redio, hujibu kwa sauti ndogo sana, na koili ndiyo sikio. Siku wenzangu walipokamilisha mduara, tukaweka ndani yake kichupa cha maji na mstari ukapanda kwenye kompyuta, alisimama nyuma yangu. “Hiyo ndiyo maji inajibu?” aliuliza. Nikasema ndiyo. Alivua kofia.

Jibu hilo lilikuwa likipotea kila siku saa saba mchana. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ni joto: sumaku zikipata joto hulegea kidogo, na sisi tulikuwa tunasikiliza kwenye wimbi ambalo maji hayajibu tena. Tuliufungia mduara ndani ya sanduku lililozungushiwa vipande vya godoro, na jibu likatulia.

Baadaye nilipeleka maabara mahindi ya mama. Kwa nje yalikuwa makavu, yanalia mkononi. Chombo kilionyesha kwamba ndani yalikuwa bado na maji ya kutosha kuota ukungu ghalani, na mama akayaanika upya kwa siku nne akinung’unika.

Sasa tunachora chombo cha pili, kidogo zaidi, cha kubebwa hadi kwenye maghala ya Nakivale. Vikasha vyake si vya mraba tena. Afande alivichora kwa penseli, akakata kona moja ya kila kimoja, na kwenye mduara akaacha nafasi ya umbo hilohilo, ili kikigeuzwa vibaya kisiingie kabisa. Nilimuuliza kama tutaandika kwamba wazo ni lake. Alisema tuandike majina mawili, lake na langu.