Mahindi Mabichi Ndani ya Mfuko

Wewe unayenisikiliza, na labda una ng'ombe mmoja tu, ngoja nikueleze jambo nililoliona nikiwa mdogo hapa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mpaka leo linanishangaza.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, yule wa kisasa wa maziwa. Kila kiangazi nyasi zilikauka na maziwa yakaisha. Redio ilieleza mara nyingi jinsi ya kuhifadhi lishe mbichi kwenye mfuko wa plastiki, lakini mama hakujali. Kisha ushirika wa maziwa ukawapeleka wanachama kwa mwenzao, mama mmoja wa Kimaasai. Kiangazi kilikuwa kikali, lakini ng'ombe wake alikuwa akila lishe ya mfukoni na kujaza ndoo. Mama alirudi nyumbani na mfuko wa plastiki kwapani.

Msimu uliofuata, akakata mahindi yetu yakiwa bado mabichi. Susu, mama yake baba, alisimama shambani mikono kichwani.

"Unampa ng'ombe chakula cha watoto?"

"Nampa nusu tu, mama."

"Basi watoto nao wale nyasi nusu."

Baba hakubishana. Alisema tu kwamba yakioza, ng'ombe atauzwa tununue unga.

Peke yake mama hangethubutu. Wanawake wa ushirika ndio waliokuja, yule mama wa Kimaasai akiwa mmoja wao. Walikatakata mahindi, mabua na yote, wakanyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, wakaosha miguu na kuyakanyaga ndani ya mfuko mpaka hewa ikatoka. Wakaufunga kabisa.

Lakini Susu alilelewa Ukambani, na huko kila mtu anajua kwamba mahindi yenye unyevu yakifungiwa huota ukungu. Kwa hivyo, kwa kutuhurumia, alichukua msumari akautoboa mfuko ubavuni.

Kiangazi kilipofika, wanawake walirudi kuufungua. Palipokuwa na tundu, lishe ilikuwa nyeusi, imeoza. Baba akamtazama ng'ombe.

"Nani ametoboa?" mama aliuliza.

"Ni mimi," Susu akasema. "Nilitaka upumue."

Yule mama wa Kimaasai akacheka. "Huu ukipumua ndio unaoza, Yeyo." Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Akaitupa ile iliyooza, akaingiza mkono ndani zaidi. "Sasa kuja unuse."

Nje kote hakukuwa na jani bichi, vumbi tupu mpaka upande wa Kajiado. Na mkononi mwake kulikuwa na mahindi yaliyokatwa msimu uliopita, rangi yake bado ya kijani kilichofifia, yananukia kama uji uliochachuka vizuri. Ng'ombe alivuta kamba akitaka kuyafikia.

Susu alinusa, akanusa tena. "Hii mkinipa kwa kikombe, nakunywa."

Baba akaenda kutafuta ndoo ya kukamulia.

Miaka iliyofuata, majirani walipojaza mifuko yao, Susu ndiye aliyesimama kando akiwasimamia. Nami nakuambia kama alivyowaambia: kanyaga mpaka hewa yote itoke, funga mdomo wa mfuko kwa kamba, uweke kivulini mbali na panya, na usiutoboe.