Sale la Gadiel wa Kikwe

Fransiska alikuwa nesi wa zahanati moja pale Kimandolu, mwanamke wa Kibosho mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini. Katika kata nzima hakuna aliyefunga kidonda kwa mikono laini kama yake. Wanaume wasiotaka kuonekana wakilia walikwenda kwake, na wakishafungwa bendeji walisema mambo ambayo hata wake zao hawakuyasikia.

Miaka ile viwanda vilikuwa vinauzwa. Arusha ilijaa watu wazima ambao bado walivaa mashati ya kazi. Asubuhi wanatoka nyumbani kama wanaowahi zamu, kumbe wanakwenda Kaloleni kukaa ukutani karibu na uwanja mpaka jua lipungue. Halafu yakaja mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, watu wakafa ovyo, na wakubwa wa mkoa wakaanza kujiuliza hasira ya namna hiyo inaanzia wapi. Wakaitisha semina.

Aliyewafundisha ni Bwana Abdiel, ofisa wa afya wa mkoa, mtu mstaarabu, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Alisema mauaji ya kukusudia yana njia yake kama kipindupindu. Mtu hamvamii mwenzake kwa ghafla tu. Kwanza anaumia, kisha anatafuta wa kumlaumu, kisha anaanza kutamka, kisha anajiandaa. Njia yote hiyo kuna wanaoona: mwalimu, mchungaji, shehe, nesi. Lakini kila mmoja anakaa na kipande chake nyumbani kwake.

"Tukiviunganisha vipande," alisema, "tutamkuta mtu angali mgonjwa, hajawa muuaji. Polisi waje mwisho."

Fransiska aliyaelewa sana maneno yale, kwa sababu kipindupindu alikiona kwa macho yake. Basi kila kata ikawa na kamati yake, Kaloleni, Kimandolu, mpaka Kikwe huko chini upande wa Arumeru, na zote zikawa zinakutana mjini kila mwezi.

Mgonjwa wa kwanza alimleta Fransiska mwenyewe. Aliitwa Gadiel, Mmeru wa Kikwe, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo tangu ujana wake. Kiwanda kilipouzwa, alipunguzwa. Siku hiyo aliingia zahanati amefunga kiganja kwa kitambaa kilicholowa damu.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mkono umegombana na nani huu?"

"Na bati la choo. Fundi mitambo mzima, sasa naezeka vyoo vya watu." Akacheka peke yake. Sindano ilipopita hakushtuka. Akauliza, "Hans bado anakaa huku juu, karibu na kanisa?"

"Hans yupi?"

"Hans wa utumishi. Mwekezaji hakunijua mimi, angenijuaje? Aliyenijua ni Hans, na ndiye aliyenitaja. Tumekaa benchi moja kwaya miaka yote ile." Alisema kwa utulivu, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Krismasi hii hataila."

"Acha mzaha, Gadiel."

"Baiskeli nimeshampa shemeji. Jembe nimempa jirani. Chini ya kitanda nina dumu la petroli, sista, na pikipiki sina."

Fransiska alimaliza kushona, akamwambia arudi wiki ijayo, na alipotoka tu akavua koti jeupe akaenda moja kwa moja kwa Bwana Abdiel.

Na kwa kweli, mwanzoni kazi ilikwenda. Kata zote zilishikana. Kikwe walimhamishia Gadiel mdogo wake Philemoni, akae naye, ale naye, alale mlangoni, na dumu likatolewa. Kaloleni walimpatia kibarua gereji. Kimandolu walikwenda kumwonya Hans asitembee peke yake. Daktari wa akili akamwona, akampa vidonge vya usingizi. Gadiel aliporudi kutolewa nyuzi alikuwa na sura ya mtu aliyelala.

"Sista, mmeniwekea mlinzi gani? Anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Mrushie kiatu."

"Nimerusha vyote viwili. Anageuka upande, anaendelea."

Fransiska alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mtu anayelalamika kuhusu kukoroma, aliwaza, ameanza kurudi duniani.

Mwenyekiti wa kamati ya Kikwe alikuwa mzee Anande, mshili wa ukoo wa Gadiel, maana yake ndiye mkubwa anayeamua mashauri ya ukoo. Mzee huyu aliona aibu mtoto wao kulindwa kama ng'ombe mwizi wa shamba. Akasema mambo yaishe kwa desturi. Wakaenda kwa Hans mchana, wazee na Gadiel mbele, ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Sale ni jani la amani, kwa Wameru na kwa Wachaga vilevile. Ukiletewa sale hukatai, hata kama mwenye kulileta amekuulia mzazi. Na likishapokelewa, ugomvi ule hautajwi tena katika nyumba ile. Anayeutaja ndiye anayekuwa adui.

Hans, Mchaga wa Machame, alilipokea kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka. Mbuzi akachinjwa. Bwana Abdiel naye alikuwepo, akala nyama, akafuta miwani yake mara nyingi. Katika kikao cha mjini alisimulia habari ile, wajumbe wa kata zote wakapiga makofi, ikasemwa mgonjwa amepona.

Fransiska peke yake hakupiga makofi.

"Philemoni ameondoka lini kwa Gadiel?" aliuliza.

"Siku ileile," mzee Anande akajibu. "Umfuate mtu aliyetoa sale? Hayo ni matusi."

"Mzee, sale linamaliza ugomvi wa watu wawili. Gadiel alikuwa na ugomvi, na tena alikuwa mgonjwa. Vidonge anakunywa? Gereji anakwenda?"

"Hebu msikieni! Wewe Mchaga unakuja kutufundisha sale sisi? Au unataka kutuuzia?"

Kikao kizima kikacheka, na hata Fransiska akatabasamu kwa adabu. Akamgeukia Abdiel.

"Mama Fransiska," Abdiel akasema kwa upole, "hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Jamii imejiponya yenyewe. Tusilichokonoe."

Fransiska alikwenda kumwona Hans kazini kwake. Hans alimkaribisha chai, akamsikiliza, akacheka kwa wema.

"Wewe na mimi tumetoka mlima mmoja, mama. Sale la mtu liko sebuleni kwangu, halafu nimfungie mlango? Nitakuwa mtu gani?"

Fransiska alimaliza chai yake akaaga, kwa sababu na yeye alilelewa hivyo. Alipotoka pale alikutana sokoni na Agnela, mke wa Hans, akichagua nyanya. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Neno lilimfika Fransiska mdomoni. Lakini kumtajia mwanamke ugomvi uliokwisha kuzikwa katika nyumba yake ni kama kuufukua mchana kweupe. Akasema nyanya zimepanda bei, akaenda zake.

Ilikuwa Jumapili ya Majilio, watu wametoka ibadani. Gadiel alipanda Kimandolu na mkungu wa ndizi begani na dumu mkononi. Waliomwona njiani walimsalimia, na wengine walimsifu kwa kumpelekea mwenzake zawadi. Geti likafunguliwa, akakaribishwa ndani. Majirani walipoona moshi walidhani ni jiko.

Hans alifia sebuleni. Gadiel alitolewa akiwa hai, ngozi yote ya mbele imekwenda, na kwa kuwa hospitali ilikuwa na upungufu wa manesi wa majeraha ya moto, Fransiska aliombwa akasaidie. Akaenda. Alimfunga kwa mikono ileile.

"Sista," alisema siku moja, sauti imekwisha.

"Usiongee."

"Philemoni nilimchukia kweli. Kila nikigeuka yupo. Nikienda chooni, yupo." Akakusanya pumzi. "Walipomwondoa nyumba ikawa kimya mno. Nikaanza kumsikia Hans tena."

"Ungekuja kuniambia."

"Niseme nini? Nimeshatoa sale. Ningemwambia nani kwamba bado?"

Hakufika Krismasi naye.

Kamati zilikutana mara moja tu baada ya hapo. Kikwe walisema mtu alifia Kimandolu, waulizwe Kimandolu. Kimandolu walisema Gadiel ni mtu wa Kikwe. Kaloleni walisema wao walitoa kibarua, wametimiza. Mzee Anande aliinama akikwaruza sakafu kwa fimbo yake. Bwana Abdiel alisikiliza wote, na mwaka mpya ulipoanza alihamishiwa mkoa mwingine. Hakuna aliyeitisha kikao tena.

Fransiska alikwenda kumpa pole Agnela watu walipokwisha kupungua msibani. Alimkuta ameketi jikoni kwa jirani, nywele zimeungua upande mmoja, mikono imefungwa.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa." Akainua macho. "Wanasema ninyi mlikuwa mnajua. Mnakaa vikao."

"Tulijua."

"Hans naye alijua?"

"Tulimwambia. Nilikwenda kazini kwake mimi mwenyewe."

"Kazini kwake." Agnela alilirudia polepole. "Mkoa mlimwambia. Kikwe mliwaambia. Kaloleni huko, watu wasionijua, mliwaambia. Mimi, sale lilipoletwa, Hans aliniambia ni ugomvi mdogo tu na rafiki wa kwaya, umekwisha."

Fransiska alitaka kusema habari ya sokoni, ya nyanya. Badala yake akanyoosha bendeji iliyolegea mkononi mwa Agnela.

"Hans alikuwa bado anavua koti," Agnela akasema. "Geti la nyumba ile, mama, miaka yote hufungua mimi. Nilimpokea ndizi. Nilimpokea na dumu, nikamwekea mlangoni pa sebule, nikamwuliza kama ni maziwa."

Jirani akaleta chai. Fransiska alishika kikombe, na kwa kuwa Agnela hakuweza kushika chake, alimnywesha kidogo kidogo mpaka kikaisha.